Ndubu Elfu Thelathini na Nane Ambao Hatunao

Bwegera, tarehe 14 Agosti 2002

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Ofisi ya Uhai wa Maji,
Uvira

Kuhusu: Ombi la kupunguziwa samaki

Bwana Mkurugenzi mheshimiwa,

Pokea kwanza salamu za wanachama mia moja na arobaini wa Kamati ya Maji ya mfereji wetu, na zangu mimi mwenyewe, Herménégilde Ndayiragije, katibu wa kamati hiyo, mulimi wa mpunga, baba wa watoto wanne (wanne kamili, na mbele utaona kwa nini nasisitiza), na zamani karani wa mzani katika ghala la pamba. Kazi ile ya mzani niliifanya miaka kumi na moja. Naitaja si kwa kujisifu, bali ili ujue kwamba unaandikiwa na mtu anayeheshimu hesabu, hata kama matendo yake ya mwezi wa nne yataonyesha vingine.

Nadhani kila siku mezani pako zinafika barua za watu wanaoomba kuongezewa. Sisi tunaomba kupunguziwa. Ripoti ya ofisi yako inasema mto wetu, Nyakabere, una ndubu elfu thelathini na nane na mia nne. Tumeshuka mtoni kuwatafuta, tumekwenda juu na chini, tumeinua mawe. Tumewapata kumi na mmoja. Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba wale wengine elfu thelathini na nane mia tatu themanini na tisa waondolewe katika karatasi zako kabla ya tarehe mosi Septemba, kwa sababu wanatuangamiza.

Barua inayotoka Bwegera kwenda Uvira husomwa na watu wengi kwenye bariere za barabarani kabla ya kumfikia mwenyewe, na watu hao nawasalimu pia. Kwa faida yao naeleza kwamba ndubu ni samaki wa mtoni, mwenye magamba makubwa na mdomo wa kukwangua mawe. Mvua ya kwanza ikinyesha, anatoka Ruzizi na kupanda mito midogo inayoshuka toka upande wa Mulenge, akitafuta maji yanayokimbia juu ya kokoto, na hapo ndipo anapotaga. Maji yaliyosimama hayamfai. Ukimpeleka kwenye jaruba la mpunga atakufa, tena kwa haraka, kama mgeni anayekataa chakula cha wenyeji wake.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Mtaalamu wako hakutuambia hesabu ilikuwa ya kazi gani.

Alikuja mwezi wa nne, Bwana Jean-Berchmans, mtu mpole mwenye miwani na buti ndefu. Hatuna neno naye kwa tabia. Lakini alikuja kwa jeep nyeupe. Wewe unakaa mjini, Bwana Mkurugenzi, huenda umesahau rangi za magari zina maana gani huku bondeni. Gari la kijani likihesabu, linahesabu vijana, na siku hiyo vijana huonekana milimani tu. Gari lisilo na namba linahesabu mbuzi. Gari jeupe linahesabu midomo, na baada ya wiki tatu linarudi na unga, mafuta na shitingi za kufunikia nyumba. Kwa miaka yote hii ya vita hatujaona gari jeupe lililohesabu kitu kwetu kisha likakosa kurudi na kitu.

Alisema wazi kwamba anahesabu samaki. Hilo hatulikani, wala hakuna aliyesikia vibaya. Lakini tulijiuliza, kama watu wenye akili timamu, ni nani atatoka Uvira, apite bariere saba, kila moja na maswali yake na mikono yake, ili tu ajue idadi ya samaki. Ndipo Mzee Nyandwi, prezida wa kamati yetu, alipotufafanulia pale kwenye mlango wa mfereji. Alisema wenye kutoa misaada wamechoka kuhesabu watu kwa sababu watu wanadanganya, kwa hiyo sasa wanahesabu samaki, ambao hawasemi. Penye samaki wengi pataonekana pana wavuvi wengi, penye wavuvi wengi pana watoto wengi, na penye watoto wengi patashushwa shitingi nyingi.

Tuliona maelezo hayo hayana kasoro. Hata sasa, nikiyaandika, bado sioni kasoro yake iko wapi, isipokuwa kwamba hayakuwa kweli.

2. Mtaalamu wako ni mwepesi mno wa kudanganywa.

Hili ni lalamiko zito na nalitoa kwa masikitiko. Bwana Jean-Berchmans alichagua sehemu tano za mto, kila moja mita hamsini, akaziba juu na chini kwa nyavu. Kila siku sehemu moja. Alikuwa akimtoa samaki, anampima, anaandika, halafu anamrudisha majini taratibu kana kwamba anamlaza mtoto. Saa sita alikwenda kula kwa katekista. Tangu saa sita hadi saa nane, wanachama wa kamati yetu waliwatoa samaki wale wale, wakawatia katika bido za plastiki na mabeseni, wakawapitisha kwenye migomba na kuwamwaga katika sehemu ya kesho yake. Siku ya tatu tulikuwa tumeshajifunza kuwafunika kwa majani mabichi ili wasichoke. Samaki hao walikuwa sitini. Walifanya kazi kubwa, na kwa siku zote tano hakufa hata mmoja.

Utasema tulimficha mtaalamu ukweli. Hatukumficha vya kutosha! Kati ya hao sitini alikuwemo mmoja mwenye chongo, jicho la kushoto. Nilimsihi Evariste, mlinzi wa mfereji, amwache huyo, maana anajulikana. Evariste akajibu kwamba ni samaki mnene na atatupa heshima. Basi chongo akahesabiwa mara tano kama wenzake. Nini kilifuata? Ripoti yako, ukurasa wa tisa, inasema kwamba mto wetu umeingiliwa na ugonjwa wa jicho la kushoto, ambao umeenea kutoka juu hadi chini kwa mpangilio wa ajabu, samaki mmoja kila sehemu. Ukurasa wa kumi unasema samaki wa sehemu zote wana ukubwa unaolingana kwa namna isiyo ya kawaida, jambo linaloonyesha afya njema ya mto.

Na kuna habari ya mukeke. Annie, mkaza mwana wa Mzee Nyandwi, anauza samaki Kavimvira, kando ya ziwa. Aliposikia kuna hesabu alikuja siku ya nne na mukeke mmoja, ili kwao nao wawe na mchango. Mukeke ni samaki wa ziwani, kila mtu anajua. Hajawahi kupanda mto, na huyu alipanda kwa baiskeli. Alikuwa amekufa, amepasuliwa na kutiwa chumvi. Tulimwambia mtaalamu kwamba tumemwokota kwenye mawe. Ukurasa wa kumi na mbili: mukeke ameanza kuingia Nyakabere, na kuna dalili kwamba maji ya mto yameanza kuwa na chumvi.

Karani wa misaada, hata yule mlevi, huchovya kidole cha mtu katika wino ili asihesabiwe mara ya pili. Samaki hana kidole, tunakubali, lakini ana mkia. Ofisi isiyo na wino haikupaswa kuja kuhesabu kitu chochote kwa watu waliozoea vita.

Siku ya mwisho mtaalamu wako alisimama kando ya maji, akavua miwani akaifuta, akatuambia kwamba amezunguka mito mingi na hajaona mto wenye uhai kama wetu. Alikuwa na furaha ya kweli. Nakiri kwamba tuliona haya kidogo. Kisha tukakumbuka shitingi.

3. Hesabu hiyo imempa mtu mwingine maji yetu.

Hapa, Bwana Mkurugenzi, naomba usome ukiwa umekaa. Ndubu sitini walihesabiwa mara tano, wakawa mia tatu. Hiyo ni dhambi yetu na tunaibeba. Lakini ni ofisi yako iliyokaa mezani ikachukua mia tatu wale wa mita mia mbili na hamsini na kuwazidisha kwa mto mzima wa kilomita thelathini na mbili. Sisi tulidanganya samaki mia mbili na arobaini tu. Hao wengine, zaidi ya elfu thelathini na nane, ni uongo wenu wenyewe, na mmeupata bila hata kulowa miguu.

Mwisho wa ripoti umeandikwa hivi: mto Nyakabere unaweza kutoa maji zaidi bila madhara kwa samaki. Sentensi hiyo moja imechukuliwa na mkubwa mmoja, ambaye simtaji kwa sababu nilizozieleza kuhusu bariere, akaibandika kwenye barua yake ya kuomba mfereji. Ana shamba jipya la mpunga huko juu, kwenye ardhi ambayo wenyewe wamekimbia na bado hawajarudi. Amepewa ruhusa yenye mihuri mitatu. Simenti imeshafika. Mawe yameshapangwa. Tarehe mosi Septemba anafungua.

Sisi wenyewe hatujawa malaika kwa mto huu. Mfereji wetu unachota, wa majirani unachota, na askari wana motopompi ya kuoshea magari ambayo huosha magari machache kwa maji mengi. Mwezi huu wa nane, chini ya mlango wetu, kuku anavuka Nyakabere bila kukunja mabawa. Lakini tulikuwa na adabu moja tuliyoachiwa na wazazi. Juma lina saa mia moja sitini na nane. Kila mwanachama ana zamu ya saa moja, jumla mia moja na arobaini. Saa ishirini na nane zinazobaki, tangu Jumamosi hadi Jumapili, mlango unafungwa na maji yote yanaachiwa mto. Tunaziita saa za mto. Kwa saa hizo ndubu wamekuwa wakiishi, kwa taabu, lakini wakiishi. Na mtu mwenye shamba mkiani mwa mfereji, ambako mto unapita karibu, hupata unyevu wa kumfikisha Jumatatu.

Mfereji wa mkubwa hauna saa za mto. Utachota mchana na usiku, na Jumapili pia, kwa kuwa karatasi inasema mto una samaki wa kutosha kuvumilia. Sisi tuko chini yake. Kitakachotufikia ni mawe.

Naomba niseme la nyumbani. Shamba la mkiani kabisa ni la mke wangu, Generose. Mpunga wake umetoka katika mbegu alizozishona ndani ya mto wa kulalia tulipokimbia kuvuka Ruzizi, na alilalia mbegu hizo miezi saba bila kupika hata punje, na siku nyingine watoto wakilia kando yake. Sasa mpunga huo umeshika na unahitaji maji mpaka mwezi wa kumi. Kila asubuhi anashika tope la jaruba kwa mkono kuona kama bado ni bichi. Mfereji ule ukifunguliwa, mbegu zile zitakauka mbele ya macho yake, na mimi ndiye niliyeandika majina ya watu wa kubeba mabeseni. Nalala naye nyumba moja na naogopa siku hiyo kuliko bunduki.

4. Ikiwa ofisi yako inaendelea kuamini samaki hao wapo, basi iwape haki zao.

Tusitaniane. Aliyeandikwa katika daftari la serikali ni mtu wa serikali. Groupement yetu nzima, yaani vijiji vyetu vyote pamoja, kwa hesabu ya mwisho, ina watu elfu ishirini na mbili, na katika hao watoto wa kuazima ni wengi. Ndubu wako wanatuzidi. Kwa wingi huo wanastahili shefu wao, mahakama yao na shule mbili za msingi. Wanastahili pia kupeleka wajumbe kwenye yale mazungumzo ya amani, ambako tunasikia makundi yenye watu hamsini yamepewa viti na vyumba vyenye feni. Hawa hawajachoma nyumba ya mtu, hawana bariere, na katika miaka sita hii ni wakazi pekee wa bonde ambao hawakukimbilia Burundi.

Wanastahili zamu ya maji vilevile. Nimekaa chini nikapiga hesabu. Kila mmoja akipewa saa yake moja kama mwanachama mwingine yeyote, zamu ya binadamu wa kwanza itafika mwanzoni mwa mwaka 2007. Kamati imekubali kungoja. Tunachoomba ni kwamba mkubwa yule wa huko juu naye aandikwe katika foleni hiyo hiyo, nyuma ya samaki, na asipite mbele kwa sababu ya cheo.

Au, kama mnaona hayo hayafai, tuleteeni hao ndubu. Wako katika mali ya ofisi yenu, wameandikwa, wamepigiwa mhuri. Mtupe elfu thelathini na nane kwa malori, na sisi tutaacha kulima mpunga, tutakula samaki, na kesi itakwisha.

5. Lalamiko la tano nimelifuta kwa ombi la mke wangu. Lilihusu mihuri.

6. Sababu iliyotufanya tuseme uongo.

Nilitaka kuiruka, lakini mtu anayelalamika nusu ni sawa na aliyenyamaza. Mwaka wa tisini na nane tulirudi kutoka ng'ambo tukakuta mabati yametembea. Likaja gari jeupe. Waliokuwa na watoto tisa na zaidi walipewa shitingi mbili, waliokuwa chini ya hapo moja. Asubuhi hiyo watoto wa mtaa wetu walihesabiwa katika nyumba nne tofauti, wakibadilisha mashati njiani. Mzee Nyandwi, mwenye watoto sita, aliandikwa kumi na tisa. Mimi nilikuwa tayari nimeshaazima watano kwa jirani, wamesimama mlangoni wamenawa nyuso. Generose akawarudisha kwao. Akamwambia karani kwamba anao wanne, na wa mwisho ndiye huyu aliye mgongoni.

Tukapata shitingi moja. Mvua ya mwezi wa kumi ilipoanza, upande mmoja wa nyumba ulikuwa wazi, na Irakoze, huyo wa mgongoni, alikohoa msimu mzima mpaka tukamwitia padri. Alipona, Mungu ashukuriwe. Sikumlaumu Generose kwa mdomo. Lakini kila alipokohoa mtoto nilihesabu wale watano niliowaona wakirudi kwao na nyuso safi.

Kwa hiyo mwezi wa nne, nilipouliza katika mkutano kama si vibaya kuhesabisha samaki mara tano, Mzee Nyandwi aliniangalia akasema: "Katibu, muntu alihesabiwa mara moja, alilala mu mvula. Weye unajua. Wacha samaki ihesabiwe."

Nikafungua daftari nikaandika zamu za mabeseni.

7. Tunachoomba.

Tunaomba Bwana Jean-Berchmans arudi kabla mwezi huu haujaisha, na ahesabu tena mbele yako wewe mwenyewe, ili mkutane nyote wawili na ukweli. Aje na wino. Atakuta ndubu kumi na mmoja katika dimbwi lililo chini ya daraja, mahali pekee penye maji ya kumfunika samaki mgongo. Wamejibana hapo wakingoja mvua. Mimi huwatazama kila siku nikitoka shambani. Wanajipanga wote kichwa kuelekea juu, mahali maji yanakotoka, ingawa hakuna kinachotoka. Nimekuwa mtu mzima pasipo kumwonea samaki huruma, na sasa nawaonea.

Hesabu ikishakuwa kumi na mmoja, naomba ofisi yako iandike sentensi nyingine mahali pa ile: kwamba samaki hawa wanakaribia kwisha, kwamba mto hauwezi kutoa hata kata moja zaidi, na kwamba saa za mto zirudishwe na kila anayechota, awe na jembe au awe na nyota begani. Sentensi hiyo na mihuri yake ikifika hapa kabla ya tarehe mosi, mfereji haufunguki. Tumeulizia, na hivyo ndivyo ilivyo: mkubwa yule ni mkali, lakini ana hofu ya karatasi.

Kwa upande wetu kamati inaahidi kwamba hakuna bido wala beseni litakaloonekana karibu na mto siku hiyo. Annie amekatazwa kutoka Kavimvira. Mtaalamu atakula kwa katekista kama zamani, na akitaka anaweza kula huku akiwa amekaa juu ya daraja, tutamletea chakula hapo hapo.

Nikimaliza, Bwana Mkurugenzi, naomba usituchukie. Tumekosa, lakini tumekosa kwa bidii na kwa ushirikiano, jambo ambalo serikali zote zilizopita hapa zimekuwa zikituomba. Msalimie mama wa nyumbani na watoto, idadi yao yoyote ile. Wasalimie makarani wa ofisi, na dereva wa jeep, ambaye aliona yote na hakusema. Bwana Jean-Berchmans mwambie kwamba hatumcheki. Tunamcheka kidogo tu, na zaidi tunajicheka wenyewe.

Ni mimi niliye mtiifu wako katika maji machache,

Herménégilde Ndayiragije
Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Maji

Nyongeza, Jumatatu tarehe 19 Agosti.

Barua hii ilikuwa iondoke Alhamisi, lakini sheria yetu inataka kila barua ya kamati isomwe mbele ya wanachama kabla ya kufungwa. Niliisoma jana baada ya misa, kwenye uwanja wa kanisa. Ilipigiwa makofi. Wengine walilia kwenye lalamiko la sita. Kisha mwanachama mmoja akasimama na kuuliza: je, Mkurugenzi akifika na kukuta kumi na mmoja, yule mkubwa hatasema kwamba kumi na mmoja ni wengi, kwamba wameishi bila maji na wanaweza kuendelea kuishi hivyo?

Swali lilikuwa zuri. Mzee Nyandwi alilijibu kwa uzoefu wake wa misaada. Alitukumbusha kwamba mgonjwa hupewa kidonge na ushauri, lakini aliyekufa hupewa sanda, mbao, na ziara ya wakubwa. Akasema kama tunataka Mkurugenzi aguswe moyoni kweli, asikute wachache, asikute kabisa. Mikono ikanyooshwa. Nikaandika katika daftari kwamba imepita bila mpinzani, maana Generose alikuwa shambani.

Evariste alishuka chini ya daraja na kikapu. Hawakumsumbua, maji yalikuwa kidogo. Ndubu kumi na mmoja hawawezi kulisha wanachama mia moja na arobaini, kwa hiyo waliliwa na viongozi tisa, kwa niaba ya wote. Mimi nilipata kipande cha kati na kichwa. Sisemi uongo tena katika barua hii: vilikuwa vitamu, na jasho la haya lilinitoka nikitafuna.

Jioni nilimsomea Generose barua nzima na uamuzi wa mkutano. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa bado na tope. Kisha akasema pole pole: "Weye unaombea samaki maji, na samaki iko mu tumbo yako. Sasa mto iko na nini tena ya kuombea?" Akaingia ndani.

Nimekaa na swali lake mpaka asubuhi hii, na nimeona alichoona. Wakiwa elfu thelathini na nane, mkubwa anapewa maji kwa sababu samaki ni wengi. Wasipokuwepo hata mmoja, anapewa maji kwa sababu hakuna wa kuwaonea huruma. Idadi iliyokuwa inatuokoa ni ile tuliyoila.

Kwa hiyo, Bwana Mkurugenzi, ombi letu la kupunguziwa tunalirekebisha kidogo. Njoo kabla ya mwisho wa mwezi kama tulivyokuomba, ila usije mikono mitupu. Tafuta popote, tuletee ndubu kumi na mmoja wakiwa hai, majike wakiwa wengi, katika beseni pana lenye majani mabichi juu. Uwamwage taratibu chini ya daraja, upande wa kivulini, kabla mtaalamu wako hajashuka garini. Halafu awahesabu mara moja tu, kwa haki.